Kiharusi: Mkono umeshindwa kunyanyuka, au maelekezo hayakueleweka?

Mgonjwa wa kiharusi akishaanza mazoezi ya viungo, swali la ndugu zake huwa ni moja kila wiki: "Daktari, anaendelea vizuri?" Jibu wanalopewa mara nyingi ni "anajitahidi". Wanarudi nyumbani bila kujua kama mkono ule unarudi au umesimama palepale.

Presha ina mashine yake. Sukari nayo ina kifaa chake: tone moja la damu na namba inatokea. Kwa mwendo wa mkono na mguu baada ya kiharusi, vifaa vikuu ni macho ya mtaalamu, karatasi ya kipimo na maneno anayomwambia mgonjwa: nyanyua, kunja, nyoosha, geuza. Maneno hayo yakieleweka vibaya, namba inayoandikwa haitakuwa ya kweli, hata kama karatasi imejazwa kwa uangalifu.

Wiki hii naomba twende mbali kidogo, hadi Thailand, tuone kazi inayotakiwa ili kipimo kilichoandikwa kwa Kiingereza kiweze kumpima kwa haki mgonjwa anayezungumza Kithai. Kisha turudi nyumbani, kwa sababu somo lake linamhusu kila anayemuuguza mzazi, mwenza au mtoto aliyepooza upande mmoja.

Kipimo chenyewe kikoje?

Vipimo vya aina hii viko vingi. Kimojawapo kinachotumika sana duniani kinaitwa Fugl-Meyer, kwa jina la daktari wa Sweden, Axel Fugl-Meyer, ambaye yeye na wenzake wa Gothenburg walikichapisha mwaka 1975. Kilijengwa juu ya jambo ambalo wataalamu walikuwa wameliona tayari: mkono uliopooza haurudi ovyo, bali hupitia hatua. Mara nyingi kwanza unakuwa mlegevu. Baadaye viungo vinaanza kusogea kwa pamoja kama vimefungwa kamba moja, mgonjwa akijaribu kukunja kiwiko na bega linapanda. Mwishowe, kwa wanaobahatika, kila kiungo kinaweza kusogea peke yake.

Karibu kila kipengele kina alama tatu tu. Ukishindwa kabisa unapata 0, ukifanya nusu unapata 1, ukifanya kikamilifu unapata 2. Mkono una vipengele 33, hivyo jumla ni 66. Mguu una 17, jumla 34. Vyote pamoja vinafika 100. Vifaa ni vya kawaida: nyundo ndogo ya kupima mshtuko wa misuli, kipande cha karatasi, penseli, kopo dogo na mpira wa tenisi. Kazi nzima huchukua kama nusu saa.

Namba hiyo ina maana kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu wagonjwa waliokaa muda mrefu tangu kupata kiharusi ulionyesha kuwa ongezeko la takriban alama 4 hadi 7 kwenye mkono ndilo linaloanza kuleta tofauti inayoonekana katika matumizi ya mkono huo. Sasa piga hesabu. Mgonjwa asipoelewa maelekezo ya vipengele vitatu tu, anaweza kupoteza alama 6. Yaani kutoelewana kwa maneno kunaweza kuficha nafuu ya kweli, au kuonyesha nafuu ambayo haipo.

Kwa nini Kithai?

Kithai ni lugha ya toni. Kina toni tano, na sauti ikipanda au kushuka neno linakuwa jingine kabisa. Chukua neno "khao". Likitamkwa kwa sauti ya chini ni goti. Likitamkwa kwa sauti inayoshuka ni ingia. Likitamkwa kwa sauti inayopanda linaweza kuwa mlima. Mtu mzima wa afya hababaiki hata kidogo, kwa sababu toni kwake ni sehemu ya neno kama ilivyo herufi. Lakini kiharusi kinachopiga sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha kinaweza kuharibu pia uwezo wa kutofautisha toni hizo. Mgonjwa wa namna hii anahitaji sentensi fupi, inayosemwa polepole, ikiambatana na kuonyeshwa kwa vitendo.

Maandishi nayo yana mtego wake. Kithai huandikwa bila kuacha nafasi kati ya neno na neno. Mfano unaojulikana sana ni herufi zinazoandika "taklom": ukizikata mahali pamoja unasoma macho ya mviringo, ukizikata pengine unasoma kupigwa na upepo. Msomaji hutambua maana kwa muktadha. Kwenye fomu ya hospitali yenye maneno machache machache, muktadha ni mfinyu, kwa hiyo mpangilio wa mistari unatakiwa kufikiriwa.

Tena si kila raia wa Thailand anazungumza nyumbani Kithai cha Bangkok. Kaskazini mashariki, eneo la Isan, wazee wengi huzungumza lugha iliyo karibu na Kilao. Kaskazini, upande wa Chiang Mai, wana lugha yao, na kusini kabisa wapo wanaozungumza Kimalay. Bibi wa miaka 75 aliyepooza upande mmoja anaweza kuelewa Kithai cha televisheni, lakini akiwa amechoka na ameogopa, lugha inayomwingia haraka ni ile ya utotoni.

Upande mwingine, Kithai kina utajiri ambao mfasiri anapaswa kuutumia. Kina neno la mkono mzima, "khaen", na neno jingine la sehemu ya kuanzia kifundo hadi vidole, "mue". Kina "kha" kwa mguu mzima na "thao" kwa sehemu ya chini inayokanyaga. Kina pia maneno ya kila siku ya kulaza kitu kikitazama juu, "ngai", na kukifudikiza, "khwam". Hayo hayo hutumika kwa kiganja, na hata kwa mtu aliyelala chali au kifudifudi. Kipengele cha kugeuza kiganja juu na chini, ambacho kwa Kiingereza cha kitabibu huhitaji istilahi nzito, kwa Kithai kinaweza kusemwa kwa neno ambalo mama wa shambani analijua tangu utotoni.

Mtego wa kiuno

Nitoe mfano mmoja unaoonyesha jinsi neno linavyoweza kula alama. Katika Fugl-Meyer kuna kipengele ambacho mgonjwa, mkono ukiwa mapajani, anatakiwa kuupeleka nyuma hadi kwenye uti wa mgongo, usawa wa kiuno. Mkono ukifika mgongoni anapata 2. Ukipita mfupa wa nyonga bila kufika mgongoni anapata 1. Ukibaki mbele ya mfupa huo anapata 0.

Sasa mwambie mgonjwa, "Weka mkono kiunoni." Atafanya nini? Atashika kiuno kwa ubavuni kama mtu anayesubiri maelezo ya mtoto mtukutu. Amefanya hasa ulichomwambia, lakini kwenye fomu ataandikiwa 1 au 0. Neno la Kithai la kiuno, "eo", lina mtego huo huo. Tafsiri nzuri italazimika kutaja mgongo, "lang", na mtaalamu aonyeshe kwa mkono wake mwenyewe mahali pa kufika.

Mfano wa pili ni neno nyanyua. Ukimwambia mgonjwa anyanyue mkono wake, wengi huushika mkono uliopooza kwa mkono mzima na kuuinua. Amenyanyua, sivyo? Lakini kipimo kinauliza kama misuli ya mkono ule ule imefanya kazi. Maelekezo ni lazima yaseme wazi: "Nyanyua wenyewe, bila kuusaidia."

Hatua za kukihamisha kipimo

Watu wengi hudhani ni suala la kumpa mtu anayejua lugha mbili, akae nalo mchana mmoja. Njia inayokubalika na watafiti, iliyoelezwa vizuri na Beaton na wenzake mwaka 2000, ina hatua kadhaa.

Kwanza, watu wawili ambao Kithai ni lugha yao ya kwanza wanafasiri kila mmoja peke yake. Mmoja anaijua tiba, mwingine haijui. Yule asiyeijua ndiye anayeleta maneno ya mtaani. Pili, tafsiri zao zinakutanishwa na kuwa moja. Tatu, watu wengine wawili ambao hawajawahi kukiona kipimo cha awali wanarudisha ile tafsiri kwenye Kiingereza. Hapo ndipo makosa hujitokeza: ikiwa sentensi iliyosema "peleka mkono mgongoni" imerudi ikisema "shika kiuno", basi kuna kitu kimepotea njiani.

Nne, kamati ya madaktari, wataalamu wa fiziotherapia, wataalamu wa lugha na wafasiri wenyewe inakaa na kupitia kila mstari. Tano, kipimo kinajaribiwa kwa watu 30 hadi 40, na kila mmoja anaulizwa alielewa nini. Anaulizwa alielewa nini, maana ukiuliza "umeelewa?" utajibiwa "ndiyo".

Baada ya hapo kuna kazi nyingine ya kuhakiki. Wataalamu wawili wanampima mgonjwa mmoja, kila mmoja akiandika alama zake bila kumchungulia mwenzake. Wakitofautiana sana, tatizo liko kwenye maelezo ya kipimo au kwenye mafunzo yao. Kisha mgonjwa ambaye hali yake haijabadilika anapimwa tena baada ya siku chache, ili kuona kama namba inabaki palepale. Mwisho, alama zinalinganishwa na kipimo kingine kinachojulikana, kuona kama vinasema jambo moja.

Kipi kibadilike, kipi kibaki?

Hapa ndipo penye busara ya kazi yenyewe. Kuna vipimo ambavyo ni lazima yaliyomo yabadilike. Kipimo kimoja cha kiharusi cha Marekani, kinachotumika sana siku za mwanzo, kina orodha ya maneno ya kusomwa na mgonjwa, yakiwemo tunda la porini la Marekani na mchezaji wa besiboli. Kina pia picha ya mmea wa jangwani wenye miiba. Mzee wa kijijini Thailand akikwama kwenye picha hiyo, huwezi kusema ubongo wake umeharibika. Huenda hajawahi kuuona mmea huo.

Kipimo cha mwendo ni tofauti. Bega ni bega, Gothenburg au Chiang Mai. Ukiondoa kipengele kigumu na kuweka cha kwako, umetengeneza kipimo kipya, na alama 40 za Bangkok hazitalingana tena na alama 40 za Sweden. Kwa hiyo kinachobadilishwa ni maneno, namna ya kuonyesha na maelezo kwa mpimaji. Mwendo unaotakiwa na utoaji wa alama vinabaki vilevile. Njia hiyo ndiyo iliyofuatwa pia Colombia, walipokiweka Fugl-Meyer katika Kihispania cha kwao wakishirikiana na watafiti wa Gothenburg.

Heshima ni sehemu ya kipimo

Kuna jambo ambalo kamusi haitakusaidia. Nchini Thailand, mhudumu hamwambii mzee "kunja kiwiko" kama anayeamrisha askari. Humwita "lung" au "pa", yaani mjomba au shangazi mkubwa, au "yai" kwa bibi, na sentensi humalizika kwa kijineno cha adabu, "khrap" kwa mwanamume anayezungumza na "kha" kwa mwanamke. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kufafanuliwa. Sisi nasi hatumpimi mzee kabla ya shikamoo, na tunamwita baba, mama au bibi hata kama hatuna undugu naye.

Wathai wana pia tabia wanayoiita "kreng jai", ile hali ya kuona haya kumsumbua mtu mwingine, hasa mwenye cheo. Mgonjwa mwenye kreng jai anaweza kutikisa kichwa kuwa ameelewa wakati hajaelewa, ili asimpotezee daktari muda. Vilevile, kwao mguu ni sehemu ya chini kwa maana zote mbili, na kumwelekezea mtu unyayo ni utovu wa adabu. Kipengele kinachomtaka mgonjwa aliyelala apitishe kisigino cha mguu mmoja juu ya muundi wa mwingine, haraka haraka, kinaweza kufanywa kwa kusitasita mbele ya daktari. Mpimaji anayejua hilo atasimama pembeni, si upande wa miguu, na ataomba radhi kwanza.

Kwa nini yote haya yana uzito? Nchini humo kuna mpango ambao mgonjwa wa kiharusi, akishatoka hatarini katika hospitali kubwa, anahamishiwa hospitali ya wilaya iliyo karibu na kwao ili aendelee na mazoezi katika miezi 6 ya mwanzo, kipindi ambacho mwili hurudisha nguvu kwa kasi zaidi. Faili linasafiri na mgonjwa. Mtaalamu wa wilayani anayekuta mkono umeandikiwa alama 28 anatakiwa awe na hakika kwamba yeye naye angeandika 28, au karibu na hapo. La sivyo, akiandika 22 baada ya mwezi, familia itaambiwa mgonjwa amerudi nyuma na huenda ikakata tamaa, kumbe kilichobadilika ni maneno ya mpimaji.

Na kwetu je?

Kiswahili kina mitego yake, na mikubwa kuliko ya Kithai mahali pengine. Kwetu "mkono" ni kuanzia begani hadi kwenye vidole, na "mguu" ni kuanzia pajani hadi unyayoni. Ukimwambia mgonjwa "kunja mkono", mmoja atakunja kiwiko, mwingine atakunja ngumi, na wote wako sahihi. Hivyo inabidi tuseme kiwiko, kiganja, kifundo cha mkono, kisigino. Maneno tunayo, tatizo ni kwamba kliniki nyingi tafsiri hufanyika papo kwa papo mdomoni mwa mhudumu, na mhudumu wa kesho ana maneno yake.

Ongeza mzee wa Kisukuma au wa Kimakonde ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili. Wapo wagonjwa ambao baada ya kiharusi Kiswahili kinawatoroka na lugha ya nyumbani inabaki. Ndugu anayeijua lugha hiyo ana nafasi muhimu katika chumba cha mazoezi, mradi afasiri tu na asimsaidie mgonjwa kusogeza mkono.

Kwa wazazi

Kiharusi si cha wazee peke yao. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu, na ugonjwa huo unaweza kuleta kiharusi kwa mtoto mdogo. Mtoto wa miaka minne huwezi kumpa maelekezo ya watu wazima ukategemea namba sahihi. Wapo wataalamu wanaotumia michezo: kupanga vikombe, kudaka mpira, kuvuta soksi. Wewe mzazi unajua mtoto wako alitumia mkono upi kushika kijiko kabla ya kuugua, na ni neno gani mnalotumia nyumbani kumwambia anyooshe mkono. Mwambie mtaalamu.

Mambo ya kufanya mgonjwa wako anapopimwa

1. Uliza jina la kipimo na jumla ya alama zake. "28" haina maana mpaka ujue ni kati ya 66 au kati ya 100.

2. Omba namba iandikwe kwenye kadi au daftari lako pamoja na tarehe, na kila anapopimwa tena linganisha.

3. Sema mapema lugha anayoielewa vizuri zaidi, kama anasikia vizuri, na kama anahitaji miwani. Mwezi huu akipimwa na miwani na mwezi ujao bila miwani, namba hazilingani.

4. Omba mtaalamu aonyeshe kwa vitendo na mgonjwa ajaribu kwanza kwa upande mzima. Fugl-Meyer inaruhusu hivyo, na ndiyo njia bora kwa aliyepoteza maneno.

5. Namba ikishuka ghafla, uliza kabla ya kukata tamaa: ni mpimaji yule yule? Mgonjwa alilala? Ana homa au maumivu ya bega? Alielewa alichoambiwa? Lakini udhaifu mpya uliotokea ghafla, uso kupinda au maneno kuvurugika si suala la kipimo. Ni dalili za kiharusi kingine, na mgonjwa anatakiwa hospitali saa hiyo hiyo.

6. Usimjibie wala usimnyanyulie mkono. Alama ya 0 iliyo ya kweli ina faida kuliko 2 ya kusaidiwa, kwa sababu mazoezi ya wiki ijayo yatapangwa kutokana nayo.

Mwisho, kumbuka kwamba Fugl-Meyer inapima mwendo, haipimi maisha yote. Mgonjwa anaweza kuongeza alama 3 tu na bado akawa ameanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Hilo nalo liandike kwenye daftari lako, na siku ya kliniki mwonyeshe mtaalamu.